Nani Anakula Waifai Yetu?

Sauti ya mteja ilikatika katikati ya neno, kama jogoo aliyeshikwa shingo, na mkwe wa Mama Mikoba akabaki ameinamia laptopu akiita, "Halo? Halo, mzee wangu, bado unanisikia?" Mzee hasikii. Alikuwa analalamikia mzigo wake uliopelekwa mji mwingine, na hasira zake ndiyo kwanza zilikuwa zinachemka. Sasa ameachwa hewani, amejaa maneno na hana wa kumtapikia.

Chumba cha pili, Mama Mikoba aliondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani ili apate kusikia vizuri. Jina hilo alipewa na majirani kwa sababu ya kazi yake. Alishona mikoba ya kubebea chakula, ile inayotiwa ndani bitana ya kung'aa, ya karatasi ya alumini, ili chakula kifike kazini kingali moto. Sikio lake lilikuwa la mshonaji: lilijua uzi unaotaka kukatika kabla haujakatika.

Simu ya mkwewe ikalia. Alikuwa msimamizi wake wa kazi.

"Dada, leo tena?"

"Ni mtandao, dada. Nisamehe. Unapanda, unashuka."

"Unajua nimeona nini? Wateja wapole unamaliza nao vizuri. Akipiga mkali, mtandao unakufa. Mtandao wako una akili sana."

"Haki ya Mungu sikati mimi."

"Sijasema unakata. Nimesema nimeona. Ijumaa asubuhi nitakaa kwenye laini yako mimi mwenyewe. Ikikatika, usinipigie kuniomba. Nafasi hiyo ina watu wanaoisubiri."

Mama Mikoba alijifanya anatafuta mkasi sebuleni. Mwanawe, fundi mwashi, mume wa mkwe huyo, alikuwa kwenye kochi, mguu wenye plasta umepandishwa juu ya kigoda kama mgeni wa heshima.

"Kuna nini?" mama aliuliza.

"Usijifanye hukusikia, mama. Ukuta huu nimeujenga mimi, naujua unavyopitisha."

Tangu mwashi alipoanguka kwenye jukwaa la ujenzi, nyumba ile ilikuwa inakula kwa mdomo wa mkwe: kupokea simu za wateja wa kampuni ya mizigo, naye bado yumo kwenye majaribio. Laptopu yenyewe ilinunuliwa baada ya Mama Mikoba kuuza cherehani yake ya pili, ile nzito ya kushonea zipu. Hakunung'unika siku ile. Lakini kila laini ilipokatika, aliiona upya cherehani ikitolewa mlangoni, imebebwa na watu wawili, kama maiti.

Alisogea dirishani akatazama uani. Chumba cha uani kilikuwa na mpangaji, kinyozi, mtu wa maneno machache, ambaye alichangia nusu ya gharama ya waifai. Mlango wake ulikuwa umefungwa. Pazia limeshushwa. Ndani kulisikika muziki.

"Kuna mtu anakula waifai yetu," alisema Mama Mikoba.

"Mama, waifai si sukari."

"Kila kitu huliwa, mwanangu. Ni meno tu yanayotofautiana."

*

Mkwe hakuwa mtu wa kukunja mikono. Jioni ile alifungua ukurasa mweusi wenye maandishi meupe, akaanza kuandika maneno ambayo Mama Mikoba, aliyesimama nyuma yake na bakuli la maharage ya kuchambua, hakuyaelewa hata moja. Laptopu ile haikuwa kama za ofisini. Ilikuwa na Linux, mfumo wa kuiendesha kompyuta, na muuzaji alisema ndiyo maana bei yake ilikuwa chini, kwa kuwa Linux hutolewa bure. Hilo neno "bure" lilikuwa limemkaa Mama Mikoba kooni kama mwiba wa samaki.

"Hiki cheusi ni nini?"

"Ni mahali pa kuiamrisha kompyuta kwa maandishi, mama. Nimeuliza kwenye mtandao kwa simu. Kuna watu wanatumia mashine kama hii, wananielekeza."

"Watu gani?"

"Siwajui."

"Huwajui, na wanakuelekeza ndani ya nyumba yetu."

Mkwe alicheka kidogo, bila kugeuka. Alieleza kwamba kompyuta hizi za bei nafuu zina tabia ya kuilaza waifai ili kubana umeme, nayo ikilala, mazungumzo hukatika. Akaizima tabia hiyo. Akawasha kompyuta upya. Alama ya waifai, ile iliyochanua kama upepeo pembeni mwa kioo, ikapanda mistari miwili, ikarudi mmoja. Akapakua programu mpya ya kuongozea kifaa cha waifai. Ilichukua muda mrefu kuingia, tone kwa tone, kama maji ya mgao. Hali ikawa ileile. Kisha akaweka simu yake juu ya meza, ubavuni mwa laptopu. Simu ilikuwa imejaa mistari yote.

"Umeona, mama? Mahali pamoja, kiboksi kimoja cha waifai. Simu inashika, kompyuta haishiki. Ugonjwa uko ndani ya kompyuta."

"Au mwizi anachagua cha kuiba," alisema Mama Mikoba. "Kwenye simu hakuna kazi. Kwenye kompyuta ndiko kuna kazi."

Hoja ile haikuwa na kichwa wala miguu, lakini ilisemwa na mama mkwe, kwa hiyo ikaachwa ipite. Mkwe alifunga laptopu akaifuta kwa kiganja. Mgongoni ilikuwa imevaa kava alilolishona Mama Mikoba siku ileile iliponunuliwa: kitambaa cha kahawia kigumu, lastiki kwenye pembe nne, limekaa kwenye kifuniko barabara hata mashine ikifunguliwa halitoki. Alilishona ili wapita njia dirishani wasione kitu kipya kinachong'aa, na ndani akalitia bitana yake ya mikoba ili jua la dirishani lisiichemshe mashine. Mkwe alilipokea kwa mikono miwili. Nani anakataa zawadi ya mama mkwe?

*

Duka la kompyuta lilikuwa na feni moja iliyomwelekea muuzaji na si mteja. Mkwe alitaka kwenda peke yake. Mama Mikoba akasema hapana, watu wa maduka hukuona msichana wakakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kabla hawajaingia alilivua kava akalitia kwenye pochi yake, asije muuzaji akasema mashine imechezewa. Alilivuta kwa haraka, lastiki ya pembe moja ikakatika.

"Ina matatizo gani?" muuzaji aliuliza, macho kwenye simu yake.

"Waifai dhaifu."

"Waifai dhaifu, au kifurushi kimeisha?"

"Kijana," alisema Mama Mikoba, "tungekuwa hatujui kifurushi tusingeijua njia ya hapa."

Muuzaji akaiwasha. Alama ya waifai ikachanua yote. Akaonyesha orodha ya mitandao ya mtaa mzima: ya duka la dawa, ya saluni, ya hoteli ya ng'ambo ya barabara. Akacheza video. Video ikaenda kama maji ya mteremko.

"Haya," alisema, akaigeuza ili wote wawili waione, na wateja wengine nao wakaona. "Mashine nzima. Wengi mnanunua Linux kwa urahisi wake, halafu hamjui kuitumia, mnarudi hapa kutusumbua."

Masikio ya mkwe yaliwaka. Alisema "asante" kwa sauti ndogo, akaifunga. Walipofika kona, alisimama.

"Mama, sielewi. Nyumbani nimeihangaikia hadi macho yananiuma."

"Mimi nimeelewa." Mama Mikoba alikuwa anatembea mbele, pochi kwapani, kwa mwendo wa mtu aliyeshinda kesi. "Dukani inashika, nyumbani haishiki. Mashine ni nzima, amesema mwenyewe. Basi ugonjwa uko nyumbani. Kikulacho ki nguoni mwako."

Walipofika tu, kabla ya kuketi, alilivalisha kava upya, pembe moja ikining'inia.

*

Kinyozi alirudi kutoka kazini akiwa na nywele za watu mabegani. Uani kulikuwa na majirani wanaochota maji bombani, na Mama Mikoba alikuwa amekwisha kuwaeleza nusu ya habari. Nusu iliyobaki aliitunza kwa ajili ya mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Baba, hebu tuambie. Ukijifungia mle ndani unafanya nini na waifai?"

"Nasikiliza muziki. Na kuwapigia watoto wangu."

"Muziki gani wa kuwalaza watu njaa? Mkwe wangu anafukuzwa kazi Ijumaa."

Kinyozi alimtazama, akawatazama wenye ndoo. Mmoja wao alikuwa amefunga bomba ili asikose neno.

"Mimi nachangia nusu, mama. Si mwizi."

"Mwizi hana alama usoni."

Mkwe alitoka jikoni akisema, "Mama, basi, hatuna uhakika," lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka, na neno si mbuzi useme utamrudisha kwa kamba. Kinyozi alitoa simu yake mfukoni akaiweka juu ya karo la kufulia, taratibu, kama mtu anayeweka yai.

"Ikagueni. Badilisheni na neno la siri. Sitaki waifai yenu tena, wala senti yangu msinirudishie."

Neno la siri likabadilishwa. Alhamisi asubuhi kinyozi alihama kwa mkokoteni akiwa na godoro, jiko na kioo kikubwa kilichofungwa kwa shuka. Hakuaga. Mwashi alimtazama dirishani kwa muda mrefu.

"Alikuwa akininyoa bure tangu nivunjike," alisema.

"Mtego hauwekwi bila chambo," alijibu mama yake, akalichukua kava ili akaitengeneze ile lastiki.

*

Ijumaa asubuhi hakuna aliyekohoa. Mwashi alizima redio. Mama Mikoba hakukanyaga cherehani. Alikaa kitandani, kava pajani, sindano mkononi, akishona lastiki kwa mkono huku akihesabu pumzi za watu wa chumba cha pili.

Laini haikukatika. Alipiga mama mwenye mtungi uliovunjika, mkwe akampoza. Akapiga mzee yuleyule wa mzigo uliopotea, akafoka hadi sauti ikamkauka, akakohoa, akafoka tena, na waifai ikayabeba yote bila kuangusha hata neno. Mwishowe msimamizi mwenyewe akaingia kwenye laini.

"Leo nimekusikia, dada. Kumbe unaweza na wakali. Wiki ijayo ikienda hivi, tutazungumza habari za mkataba."

Mkwe alitoka chumbani amejishika mashavu. Mwashi akapiga kelele hadi akaukumbuka mguu wake. "Mama, ulijua! Sisi tunakuona mzee, kumbe ulijua!"

"Mimi nilisema tangu mwanzo," alisema Mama Mikoba, na tabasamu lilimjaa hata akaona haya nalo. Mchana jirani mmoja wa bombani alipita kumpongeza. "Umelifukuza jini la waifai," alisema. Wakacheka.

Mkwe peke yake hakucheka sana. Alikwenda kuanika nguo.

*

Alasiri hiyo mwashi aliiweka laptopu tumboni akitazama mpira. Mama Mikoba alitoka na kava, lastiki mpya, imekaza.

"Mama, unanizibia."

"Tulia. Namvisha huyu, sikuvishi wewe."

Akaingiza pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Uwanjani mshambuliaji alikuwa ameinua mguu kupiga. Akabaki na mguu hewani.

"Aa! Sasa hivi? Si kinyozi ameshahama?"

Mama Mikoba aliona pembe moja imekunjamana. Akavua kava ili ainyooshe. Mguu ukashuka, mpira ukapaa, ukapita juu ya mwamba. Akalivisha. Kipa akaganda amelala ubavu.

"Labda ametuachia mzimu wake," alisema mwashi.

Mama yake hakucheka. "Nipe nikaifute vumbi," alisema, akaichukua laptopu akaingia nayo chumbani, akafunga mlango.

Alijaribu tena, polepole, kama anayepima mtu suti. Kava likavaliwa: mstari mmoja. Kava likavuliwa: mistari yote. Likavaliwa. Likavuliwa. Aliligeuza ndani nje. Bitana ikamrudishia uso wake, umepinda, mweupe wa alumini. Miaka yote aliwaambia wateja wake kwamba karatasi ile haipitishi kitu, joto halitoki wala baridi haiingii. Hakuwahi kuwaza kwamba haichagui cha kuzuia.

Chini ya meza kulikuwa na gunia la vipande vya vitambaa. Kava lingeingia humo, lingekatwa, kesho lingekuwa mfuko wa sabuni. Nani angejua? Kazi imepatikana. Kinyozi amekwisha kupata pa kulala. Majirani wamekwisha kucheka. Alishika mkasi.

Mlango ukafunguka.

"Mama." Mkwe alikuwa bado na vibanio vya nguo kwenye ukosi wa gauni. Aliitazama laptopu iliyofunguliwa kitandani, akautazama mkasi. "Unaifanyia nini kompyuta yangu?"

Tangu aolewe, neno "yangu" hakuwahi kulitamka hivyo mbele ya mama mkwe.

"Naifuta."

"Kwa mkasi?" Akafunga mlango nyuma yake. "Mume wangu ananiambia mtandao umekatika tena. Naingia, nakukuta umejifungia nayo. Mama, wewe ndiye huingia chumbani kwangu nikienda kuoga. Wewe ndiye husimama nyuma yangu. Kama hutaki nifanye kazi hii, kama ni ile cherehani, niambie usoni. Usinifanyie hivi."

Mama Mikoba alifumbua mdomo. Uongo ulikuwa tayari kwenye ulimi, umeshonwa na kupigwa pasi: kinyozi amelipata neno jipya la siri, nani asiyejua vinyozi? Aliuonja. Halafu akawaza kwamba hivi ndivyo kinyozi alivyosimama pale uani, ameona macho kama haya yakimtazama.

"Kaa hapa," alisema. "Tazama pembeni hapo, kwenye alama."

Akavisha. Akavua. Akavisha.

Mkwe alilichukua kava, akaipapasa bitana kwa kidole gumba, kisha akaketi kitandani. "Antena iko humu," alisema, akigusa ukingo wa kifuniko. "Imezungushwa ndani, pembeni mwa kioo. Mimi nimebadilisha kila kitu cha ndani, mama. Nimeandika maneno mpaka nikaota maandishi. Cha nje sikukigusa."

"Kwa nini hukukigusa?"

"Ulinishonea wewe."

Uani mtu alifungua bomba. Maji yakapiga ndoo tupu.

"Niliyosema juu yako," mkwe alianza, "nisamehe, mama, nili…"

"Wewe ulinikuta na mkasi mkononi. Mimi yule wa uani sikumkuta na kitu."

Mkwe aliliweka kava pajani akalikunja, akalikunjua. "Kwa hiyo kinyozi?" aliuliza.

"Ameshahama."

"Najua ameshahama, mama. Tulimtazama."

Mama Mikoba aliondoka kitandani, akatafuta viatu vyake vya kutokea.

*

Banda la kinyozi lilikuwa na kiti kimoja cha kunyolea, benchi la wanaosubiri, na vioo viwili, cha pili kikiwa kile kilichotoka uani. Nyuma ya pazia fupi, godoro lilikuwa limesimamishwa ukutani, limefungwa kamba. Kinyozi alimwona kwenye kioo kabla hajavuka kizingiti.

"Shikamoo, mama," alisema, maana adabu haikumtoka. "Umekuja kukagua? Kiboksi hakimo humu."

Wanaume wa benchini wakachekea viganjani. Habari ilikuwa imewahi kufika.

"Sikuja kukagua. Nina neno nawe. Tutoke nje kidogo."

"Nina kichwa cha mtu mkononi, mama. Kuna foleni. Kaa."

Akakaa. Wanaume walimsogezea nafasi ndogo, na aliyekuwa mwisho alimtazama akitaka kujua kama mama mzima amekuja kunyolewa. "Staili gani leo, mama yetu?" mmoja alinong'ona, wengine wakaguna. Mama Mikoba alishika pochi yake kwa mikono miwili. Kichwa cha kwanza kikaisha, kikaingia cha pili. Nywele zikamwangukia viatuni. Kinyozi hakuharakisha; alipiga mstari wa kisogoni, akausogelea, akaurudia, kama hakuna mtu mwingine duniani.

Mama Mikoba hakuweza kungoja zaidi. Aliongea akiwa amekaa, akiutazama mgongo wake, juu ya mngurumo wa mashine ya kunyolea.

"Hukula chochote. Lilikuwa kava nililolishona mimi. Lina bitana ya alumini, likaiziba kompyuta. Nimekusingizia."

Mashine ilizunguka sikio la mteja, ikamaliza, ikainuliwa. Kwenye kioo, macho ya kinyozi yalikuwa yamesimama. Kisha akaizima.

"Asante, mama," alisema. "Kurudi sirudi, hata msinisafishie chumba. Lakini huyo wa mwisho benchini ni jirani yako. Ndiye aliyefunga bomba siku ile ili asikie vizuri. Mashine ilikuwa inanguruma, sidhani kama amekupata."

Jirani aliinamisha uso. Mama Mikoba akakung'uta nywele za watu kwenye gauni, akasimama, akamgeukia, akaanza tena toka neno la kwanza, kwa sauti ya kufika uani.